Mpunga Kwenye Mteremko wa Kanisa

Kisa chenyewe kilianza Jumapili ya mavuno, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Nina uhakika na saa kwa sababu mwinjilisti wetu alikuwa haachi kuitazama yake. Nilikuwa darasa la nne, nakaa kwa bibi huku Kasoli. Likizo hii nimerudi, nikaupita ule mteremko wa saruji mlangoni pa kanisa, umepasuka kidogo pembeni, nikacheka peke yangu njiani.

Ulijengwa na makanisa mawili kwa pamoja. Kigango cha Wakatoliki ng'ambo ya barabara kilitoa saruji, sisi tukatoa fundi na mkokoteni wa ng'ombe wa kusomba mchanga. Walipatana ibada ya mavuno tusali pamoja, na jirani yetu, ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba, aingie kwa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Miaka yote alibebwa mgongoni kama gunia la pamba, na sadaka yake mhudumu aliifuata palepale alipoketishwa. Mwaka ule alimwambia bibi kuwa kuku wake atampeleka mbele mwenyewe.

Sasa, huku kwetu saruji ikishakauka tu, kesho yake utakuta mtu ameanika kitu. Jumapili ile bibi aliamka alfajiri akaanika mpunga mteremko mzima, juu hadi chini. Kisha akanituma nikauzoe kabla watu hawajafika. Nilipofika nikakuta kwaya ya kigango imeshasimama pale, sura ngeni tupu. Nikaona aibu. Nikajibanza nyuma ya ukuta na ungo wangu.

Jirani akafika, kuku mapajani. Akautazama mpunga. Vijana wawili wakainama wambebe kama kawaida.

"Niacheni," akasema, taratibu kabisa. "Nimebebwa vya kutosha. Nitasubiri."

Katekista wa kigango akamgeukia bibi, aliyekuwa ameshafika, akamwita mama kwa lugha ya kwetu. "Mayu, sisi tulitoa saruji. Mpunga hatukutoa."

"Ni wangu, baba. Inama uzoe."

Akainama kweli. Kwaya zote mbili zikapiga magoti na sare zao, wanazoa kwa viganja na kanga, wanataniana nani mvivu. Ibada ikachelewa karibu saa nzima na sikusikia mtu akinung'unika. Halafu jirani akapanda, akizungusha pedali kwa mikono, jasho linamtoka, hakuna aliyemsukuma. Kuku akapiga kelele hadi mbele na hakuna aliyemnyamazisha. Mpaka leo sijaona mtu akiingia kanisani vile.

Jirani alishahamia Maswa kwa kaka yake. Watoto wanaoteleza pale siku hizi hata hawajui ulijengwa kwa ajili ya nani, wanadhani ulikuwepo tu.

Lakini mwaka ule, kesho yake ibada ile, asubuhi kabla ya shule, nilikwenda kwa jirani, nikapiga magoti, nikamwambia ni mimi niliyetumwa kuuzoa ule mpunga nikajificha. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha.