Laptopu Nene ya Mwandiga

Wanangu hupenda kunikumbusha kwamba hata darasa la pili sikulimaliza. Ni kweli, sikulimaliza. Lakini laptopu ya mjukuu wangu niliichagua mimi, na nitaeleza nilivyoichagua, maana wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba kazi yangu siku ile ilikuwa kushika mkoba.

Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wanamiminika tena kwa maboti, na mji wa Kigoma ukajaa magari meupe yenye antena ndefu kama fito za kuvulia. Kodi za nyumba zilipanda mpaka walimu wakahamia Mwandiga. Mjukuu wangu, niliyemlea hapa Ujiji tangu mama yake afariki, alikuwa ametoka chuoni na cheti chake, kinalala kabatini. Kirundi anakijua, na Kiha ndicho alichochezea uani. Shirika moja likamwita aende kambini kuandikisha wakimbizi wanaofika. Mkataba wa miezi mitatu, na sharti moja: kila mwandikishaji aje na laptopu yake, Jumatatu asubuhi. Asiyekuwa nayo, nafasi anapewa mwingine. Ambaye itamfia kazini, hivyo hivyo.

Fedha ilikuwa ya dagaa wangu, jasho la msimu mzima. Ilitosha laptopu moja, si ya kitajiri na si ya kutupwa. Ya pili isingepatikana.

Mwanangu wa kiume, mjomba wake binti, akasema nikae nyumbani nipumzike, mambo hayo anayajua yeye. Nikamwambia mimi nimeshavaa, yeye akipenda anifuate.

Tukaanzia dukani, Kigoma mjini. Muuzaji alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanigeuzia mgongo akaongea na mwanangu. Akaleta kitu chembamba cha rangi ya fedha, kinang'aa kama samaki mgebuka aliyetoka majini sasa hivi. Mjukuu wangu akakipokea kwa mikono miwili kama anapewa kichanga. Nikaona moyo wake umeshalipa. Mimi nikakishika ncha moja ya kifuniko, nikakiinua. Kikapinda. Nikauliza betri inatokea wapi. Akasema haitoki, imegandishwa humo ndani. Nikauliza ikifia kambini, ataifungua nani.

"Bibi, hii haifunguliwi ovyo," akasema. "Ni mashine ya kisasa."

"Nimekuuliza habari ya ugonjwa, umenijibu habari ya urembo," nikamwambia, na nikatoka.

Mwanangu alinung'unika njia nzima mpaka Mwandiga kwamba nimemwaibisha. Mjukuu alikuwa anatazama dirishani. Kule Mwandiga kulikuwa na fundi aliyekuwa ananunua laptopu zilizotolewa maofisini, anazitengeneza na kuziuza. Siku hiyo alikuwa na tatu juu ya meza.

Sisi wa dagaa hatununui kwa macho. Gunia lililofunguliwa mdomo linakuonyesha wale wazuri. Wewe unazamisha mkono mpaka kwapani, unaleta wa chini, unawanusa. Dagaa aliyenyeshewa akaanikwa tena anafanana na mwenzake, ila pua yangu haidanganyi. Basi nikachukua ya kwanza, nikaigeuza tumbo juu, nikanusa matundu yake ya hewa. Fundi akamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama barabara.

Ilikuwa na uvundo, ule wa kitu kilicholowa kikakaukia ndani. Nikamwambia fundi afungue. Akasema haina haja. Nikasimama kuondoka, akachukua bisibisi. Ndani skrubu zilikuwa zimeshika kutu, na maji yameacha alama kama ya chai kwenye kikombe. Akaapa hakujua. Labda kweli hakujua, sikumgombeza. Ya pili haikunuka kitu, lakini bawaba za kifuniko zilikuwa zimelegea kama za mlango wa choo cha soko.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, nzito, imechubuka mgongoni, na herufi nyingine kwenye vitufe zimefutika kwa kazi. Bawaba zake chuma. Betri ilichomoka nyuma kwa kidole kimoja, na fundi alikuwa na nyingine ya akiba ndani ya boksi. Akasema betri hiyo inakaa na moto masaa manne. Nikamwambia achomoe waya, aiwashe, tuone. Nikavuta benchi, nikakaa.

Adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza inaadhiniwa. Nilimpa mjukuu kazi ya kuandika majina ya ndugu zetu wote, wa huku na wa ng'ambo ya ziwa, ili vitufe navyo vipimwe. Mwanangu akaenda kula, akarudi, akaenda tena. Wateja walikuwa wanachungulia, wakiniona nimejaa pale mlangoni wanapita.

"Bibi, unanifukuzia wateja," fundi akalalamika.

"Waambie mimi mgonjwa, nangoja dawa."

Ilizimika baada ya Alasiri. Hayakuwa masaa manne, yalikuwa matatu na kitu. Kwa tofauti hiyo iliyobaki nikadai betri ya akiba, bei ile ile. Akatoa. Nadhani alitaka tu niondoke.

Hapo ndipo mjukuu wangu akafungua mdomo, kwa sauti ndogo. "Bibi, wenzangu watakuja na zile nyembamba. Nitachekwa."

Nilikuwa sijawahi kumsimulia. Nikamsimulia palepale kwenye benchi.

"Sikia, mke mwenzangu. Nilipovuka kutoka Kongo na mama yako mgongoni, jina langu liliandikwa kwenye daftari. Mvua ikaipiga meza, wino ukaenda na maji. Wakaturudisha mwisho wa mstari. Siku mbili nyingine, mama yako ana homa. Mwandishi alikuwa kijana mtanashati, shati limenyooka kweli kweli. Wewe nenda na shati bovu, lakini jina la mtu lisikupotee."

Aliipakia ile laptopu kwenye begi mwenyewe, na betri ya pili akaifunga ndani ya kanga yangu.

"Mama, umenunua tofali," mjomba wake akasema.

"Na wewe nyumba yako umejenga kwa vioo?"

Jumatatu akaenda. Walimcheka, ndiyo, hakunificha aliporudi mwisho wa mwezi akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Lakini wiki ya tatu jenereta la pale liliharibika kabla ya mchana, na mabasi yalikuwa yameshashusha watu. Zile nyembamba zikazimika moja baada ya nyingine. Msimamizi akataka watu waambiwe warudi kesho. Mjukuu wangu akasema yake bado inawaka. Akabadilisha betri, akaita mistari yote ije kwenye meza yake, na wenzake wakawa wanaandika kwa zamu, mmoja anauliza kwa Kirundi, mwingine anabonyeza. Jua lilikuwa limeshainama kilimani walipomaliza. Mama wa mwisho alikuwa na mapacha na kikapu kimoja. Alilala ameandikwa.