Fundi wa Kikwajuni Anayevipa Macho Vigari vya Mwani

Saa mbili asubuhi, Thuwaiba Hija anatundika kanga nyekundu kwenye kamba ndani ya duka lake la ufundi, Kikwajuni, mjini Zanzibar, kisha anarudi nyuma na tepu ya kupimia. Mezani kuna kiboksi cheusi kisichozidi kibiriti, chenye vitundu viwili vya kioo. Namba zinacheza kwenye skrini ndogo kando yake, halafu zinatulia: 98.

"Ilitakiwa mita moja kamili," anasema, akilegeza skrubu. "Sentimita mbili hapa mezani si kitu. Kule pwani ni kisigino cha mtu."

Thuwaiba, 38, mama wa watoto watatu, ni fundi wa redio na televisheni. Kwa miaka mitatu sasa anaunda pia vihisi vya umbali, yaani macho ya roboti ndogo: vigari vya magurudumu manne vinavyobeba mwani mbichi huko Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, vikimfuata mkulima kwa nyuma bila kusukumwa wala kuvutwa.

Tundu moja hutoa mwanga ambao jicho la binaadamu haliuoni. Mwanga hugonga kilicho mbele na kurudi kwenye tundu la pili. Kwa kupima mahali unapoangukia, kihisi hujua kitu kiko umbali gani.

Aliyemwingiza katika kazi hii ni Haitham Pandu, fundi wa kuchomelea wa Paje, anayeunda vigari hivyo.

"Vihisi vya kuagiza huchukua miezi miwili kufika, na chumvi huvila kwa wiki sita," anasema Haitham. "Nikamwambia, Bi Thuwaiba, redio zinakutii, nifanyie na hili."

Haja ilikuwepo. Gunia moja la mwani mbichi hufika kilo arobaini, na bahari inapokupwa mkulima hulibeba kichwani karibu nusu kilomita hadi ufukweni.

Siku ya majaribio, Februari ya mwaka juzi, kigari kilimfuata Bi Mwanaasha Mkubwa, mkulima wa mwani mwenye miaka 59. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, mchanga mweupe. Hatua thelathini kilikwenda vizuri. Kisha, badala ya kusimama aliposimama, kikamgonga kwa nyuma na mzigo wake wote.

Kifundo cha mguu kilivunjika. Bi Mwanaasha alikaa ndani miezi mitatu, na mwani wake ukang'olewa na mawimbi.

"Siku nyingi baadaye nilikuwa nnakisikia kile kishindo, hata nikiwa nnapika," anasema Thuwaiba.

Alivifungia vihisi vyote ndani ya kopo na kumwambia Haitham kwamba yeye sasa ni redio tu. Kisha akapanda gari kwenda Bwejuu kuomba radhi.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja mikono mitupu? Kigari kiko wapi?"

Thuwaiba akamwambia ameacha. Bi Mwanaasha, mguu ukiwa na plasta juu ya mto, akamkatalia.

"Kigari hakina ubaya, hakioni tu. Asiyeona hafukuzwi, hushikwa mkono. Kwani mie shingo yangu itabeba magunia mpaka lini?"

Tatizo lilijulikana: jua lililoakisiwa na mchanga lilizidi nguvu mwanga wa kihisi. Dawa yake ndiyo haikujulikana. Thuwaiba alijaribu vifuniko na vioo vya rangi kwa miezi minne bila mafanikio.

Jibu lilikuja kazini. Alikuwa akijaribu televisheni ya mteja mlangoni, jua likiipiga usoni, akabonyeza rimoti. Ikawaka.

"Nikajiuliza, mbona hii haipotezwi na jua? Nikaketi chini. Miaka yote nnatengeneza rimoti, na nnajua mwanga wake unawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Televisheni inautambua kwa hilo. Basi na mie nikakifundisha kihisi changu: taa yetu inakonyeza, jua halikonyezi. Kisichokonyeza, kiache."

Waliporudi ufukweni Novemba ya mwaka huohuo, Thuwaiba alisimama mwenyewe mbele ya kigari, akakipa mgongo.

"Una hakika?" Haitham aliuliza.

"Sina. Ndiyo maana nnasimama mie."

Alitembea na kusimama mara arobaini. Mara zote kigari kilisimama, mita moja nyuma yake. Bi Mwanaasha, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye kivuli cha mnazi, akajifunga kanga vizuri, akashuka majini kuvuna. Aliporudi na kigari nyuma yake, hakugeuza shingo hata mara moja.

Leo vigari sita vinafanya kazi Bwejuu. Kihisi kimoja humchukua Thuwaiba siku mbili, na bado redio ndizo zinazolisha nyumba. Vihisi humpa kama robo ya kipato chake.

Hata hivyo anatafuta chumba cha kukodi Bwejuu, karibu na wanakoanikia mwani. Anataka kuweka meza na vifaa vya kulehemu, awafundishe wakulima kufungua kihisi, kukisafisha chumvi na kubadilisha taa iliyokufa.

"Sitaki waniite mjini kila kikiharibika," anasema. "Nataka siku moja nifike na mkoba wangu wa vifaa, waniambie: kaa kitako unywe chai, sie tushakitengeneza."