Ngazi Sitini na Mbili za Mama Panya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanamke mnene mwenye koti jeupe anamnyanyua panya, anamweka kwenye bakuli juu ya mizani na kumsomea uzito wake kwa sauti.

"Gramu arobaini na mbili! Wewe na mimi ni ndugu," anamwambia.

Panya ananusa ukingo wa bakuli. Anaandikwa kwenye karatasi, anarudishwa kwenye kizimba chake, na mwingine anafuata. Wako themanini, na wote lazima wapimwe kabla ya saa tatu.

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akilisha, kusafisha na kupima panya wa utafiti katika chumba cha chini cha maabara. Wenzake wanamwita Mama Panya, naye hachukii.

"Wa kuzaa ninao watatu. Hawa niliacha kuhesabu zamani," anasema na kuangua kicheko ambacho ni vigumu kutokicheka pamoja naye.

Mwaka jana kicheko hicho kilikatika. Makundi mawili ya panya yalikuwa yakilishwa chakula kilekile chenye mafuta mengi, na moja likanenepa kupita kiasi. Mama Panya, ambaye wakati huo hakuweza kwenda hatua mia mbili bila mguu wa kulia kumkaza kwa maumivu, aliwaonea huruma. Kila asubuhi akawa anawapunguzia chakula kimyakimya.

"Nilikuwa najiona mwenyewe mle ndani," anasema. "Nikasema hapana, hawa siwamalizi kwa mkono wangu."

Mtafiti mkuu, dada mwenye umri wa kifungua mimba wake, aliona uzito unashuka bila sababu. Alipouliza, mama alikiri huku akijua kibarua kimeota nyasi. Kazi ya wiki kumi na moja ilitupwa.

"Nilikasirika sana," anasema mtafiti. "Halafu nikajiuliza: miaka yote hii, nani aliwahi kumweleza mama tunatafuta nini? Hakuna."

Akamkalisha, akamweleza. Mafuta ya tumboni hayakai tu kama mzigo. Chembe za kinga, walinzi wa mwili, huingia humo na kuwasha uvimbe kana kwamba kuna kidonda. Uvimbe huo huvuruga namna mwili unavyotumia chakula. Chembe kama hizo huingia pia kwenye kuta za mishipa ya damu, hujishindilia mafuta na kufia humohumo, na njia ya damu ikazidi kuwa nyembamba. Kundi la pili la panya limezimiwa swichi moja, yaani jeni, ndani ya chembe hizo, ili ijulikane kama kuizima kutawanusuru.

"Nikamuuliza, na mguu wangu je?" anasema Mama Panya.

Mtafiti hakujifanya tabibu; alimsindikiza hospitali. Mshipa wa mguu ulikuwa umeziba zaidi ya nusu. Alipewa vidonge, akapangiwa chakula, na akaagizwa kutembea: nenda mpaka mguu uanze kuuma, pumzika, nenda tena.

Sasa ana safari yake. Hadubini ya kuangalizia chembe hizo iko ghorofa ya tatu, ngazi sitini na mbili, na jengo halina lifti. Zamani hakuwa na sababu ya kupanda. Sababu ilipopatikana, mguu ulikuwa umegoma. Anataka kuziona kwa macho yake chembe zilizomo kwenye mafuta ya panya wake. Siku ya kwanza alisimama kwenye ngazi ya kumi na nne. Wiki hii amefika ya arobaini na saba bila kupumzika.

"Nyumbani anafanyia mazoezi kwenye kidato cha mlangoni," anasema mumewe, fundi seremala. "Nimeshakitengeneza mara mbili. Nikisema nimechoka, ananiambia nipande na mimi."

Mtafiti alijitolea kuishusha hadubini. Mama Panya alikataa katakata.

"Iache hukohuko, binti yangu," alimwambia. "Ila siku nikifika, kile kiti chake mkiondoe. Nataka kuangalia nikiwa nimesimama."