Seleri za Anisia wa Giheta

Mkipita bondeni kwetu Giheta mtaona mahindi ya Nazario, yamegeuka manjano kwa maji mengi. Pale palikuwa na seleri za Anisia. Siku hizi yeye yuko Muyinga, anapalilia bustani za watu. Majirani wakifika pale wananyamaza. Mimi, Martha, sinyamazi.

Anisia na mimi tulikulia kambi moja Tanzania, tukarudi Burundi pamoja, yeye akaolewa Muyinga. Mumewe alipofariki, shemeji zake hawakungoja hata matanga yaishe. "Hukuzaa, rudi kwenu." Akarudi na mkoba wa nguo na kifuko cha mbegu za seleri, maana kule alikuwa akitunza bustani ya masista. Na huko "kwenu" ni huku, kwa baba yake, mzee Kasiano, na kaka yake Nazario, aliyekwisha kushika mashamba yote ya kilimani.

Kwetu binti harithi shamba. Baba akipenda humpa igiseke, yaani kipande cha kulima apate kula, basi. Mzee akampa kona ya bondeni, tope tupu, matete na vyura. Nazario alicheka mpaka akakohoa. "Mpe, mpe! Akafuge vyura!"

Kumbe seleri zinapenda maji. Anisia aling'oa matete, akachimba mifereji, akachanganya samadi ya mbuzi mpaka udongo ukawa mweusi, laini. Mbegu zenyewe ni kama vumbi, hazifukiwi. Unazinyunyiza juu, unazikandamiza kwa kiganja, unazifunika nyasi, halafu unasubiri mpaka unakata tamaa. Nilimwambia, "Mwenzangu, hizi zimeoza." Akanijibu, "Wewe ulizaliwa na haraka." Zikaota! Kiangazi, kilimani kumekauka, yeye alimwagilia asubuhi na jioni kwa bidoni, yaani dumu la plastiki, maana seleri ikikosa maji inakuwa chungu, nyuzinyuzi tupu. Mabua yakanenepa, harufu unaisikia tangu barabarani. Mama Sandrine, Mkongomani mwenye mgahawa Gitega mjini, alishuka mwenyewe mpaka bondeni. "Anisia, hii iko muzuri sana! Mi nachukua yote, usiuzie mutu mwingine."

Hapo kicheko cha Nazario kikaisha. Ghafla bonde likawa la ukoo, ghafla ana kijana anayetaka kuoa na hana shamba. Kha! Akaita abashingantahe, wale wapatanishi wa kilima. Wakamwuliza mzee, ulimpa binti yako kile kipande, au ulimwazima tu? Mzee Kasiano akaitazama fimbo yake. "Nilimwazima." Jamani, nilitaka kupiga kelele. Wakaamua Anisia avune kilichomo, na mavuno yakiisha atoke.

Anisia hakulia. Njiani akanishika mkono, namwona anatabasamu. "Martha, seleri haing'olewi. Unakata mabua ya nje, moyo wa katikati unauacha, nao unatoa mengine. Si wamesema mavuno yakiisha? Mimi nitavuna tu." Loo, tulicheka siku ile, mpaka watu wakageuka!

Na kweli alivuna, akavuna, akavuna. Nazario anakuja kuchungulia, shina bado limesimama. Akaenda kushtaki tena, wapatanishi wakamwambia mavuno hayajaisha, amwache dada yake. Na jioni Anisia alimpikia baba yake maharage na seleri, kwa sababu alimpenda, licha ya lile neno lake, "nilimwazima." Mzee akazoea kushuka mwenyewe kukata bua lake. Anisia alimwonyesha. "Kata hapa nje, baba. Moyo usiuguse, ukiukata shina limekufa."

Nazario alipoona ameshindwa kwa wapatanishi, akamgeukia mzee. Tulikuwa tunatoka kanisani, akasema mbele yetu sote, "Huyu akibaki bondeni, utatafuta mwingine wa kukuzika." Mwana wa kiume kumwambia baba yake hivyo!

Asubuhi moja tukashuka na makapu, mimi na Anisia. Tukamkuta mzee Kasiano amechuchumaa kwenye tuta la mwisho, kisu mkononi. Nyuma yake, tuta kwa tuta, mioyo yote ya seleri imekatwa. Hakuitupa. Alikuwa ameipanga vizuri juu ya majani ya mgomba, kama mtu anayeogopa kuharibu.

"Baba," Anisia akaita.

Mzee hakuinua uso. "Mwanangu, mavuno yamekwisha. Nitazikwa na nani?"

"Mimi je, baba? Mimi nitaishi wapi?"

Lilikuwa limebaki shina moja. Mzee alilia, machozi yanamwangukia mikononi, akalikata.