Jino la Sita, Chini, Kulia

Kwa wasomaji wetu: barua hii imetufikia kutoka nyanda za kati. Aliyeiandika tunamjua, ninyi msimtafute. Majina yamebadilishwa. Anachoomba ni mashauri yenu tu.

Waheshimiwa wasomaji, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mmoja, Mgogo wa kuzaliwa, mhitimu wa shule ya serikali huko pwani, na sasa ni karani wa Bwana Daktari katika nyumba ya matibabu iliyo karibu na stesheni ya Dodoma. Siandiki ili hati yangu isifiwe, ingawa nakiri kwamba zamani nilipenda mno isifiwe. Naandika kwa sababu mtu mmoja amekufa na mwingine amefukuzwa kazi, na ajuaye sababu ni mimi peke yangu.

Kila Jumanne Bwana Daktari hung'oa meno. Kabla sijafika, wagonjwa walipokewa uani na msaidizi wake, nitamwita Mzee Chisumo, ambaye hajui kusoma. Alikuwa na desturi yake: humfungua mgonjwa mdomo, hugonga jino baada ya jino kwa mpini wa kijiko, na akilipata lenye maumivu humpaka alama ya masizi shavuni, mahali palepale jino lilipo. Daktari hufuata alama ile.

Mimi niliona ni aibu. Nikamweleza Daktari, kwa Kijerumani nilichojifunza kwa jasho, kwamba inafaa kila mgonjwa awe na ukurasa wake, na kwamba kazi hiyo naiweza. Alifurahi, akanikabidhi daftari. Mzee alipoambiwa kwamba masizi basi, alicheka.

“Haya, mwanangu. Ila karatasi haisikii mtu akipiga kelele.”

“Mzee,” nikamjibu, “karatasi haisahau.”

Meno huhesabiwa kuanzia katikati ya kinywa kwenda nyuma, la kwanza hadi la nane, kila upande. Nilijifunza kwa kupitisha ulimi katika meno yangu mwenyewe, ambayo ninayo yote, maana nilipelekwa shule kabla ya umri ambao wenzangu hung'olewa yale mawili ya mbele ya chini, kwa desturi yetu. Nikienda nyumbani binamu zangu hunitania: “Meno yote hayo ya nini, unataka kutafuna reli?”

Jumanne moja alikuja mama wa Ihumwa akiongozwa na mdogo wake, shavu limevimba kama kibuyu. Mzee aligonga kwa kijiko chake, akanionyesha jino bovu; nami nilihesabu kuanzia jino la kwanza nililolikuta, nikaandika kwa hati nzuri: la sita, chini, kulia. Sikukumbuka kwamba yale ya kwanza kabisa hayakuwamo. Bwana Daktari aliposoma, alihesabu kama wanavyohesabu kwao, pengo likiwa ndani ya hesabu, na koleo lake likashika jino zima lililo mbele ya lile bovu.

Mzee Chisumo alikuwa amemshika mgonjwa kichwa. Akapaza sauti: “Mwanangu, silo hilo! La nyuma yake! Mwambie Bwana!”

Daktari akaniuliza, “Anasema nini?”

Ndugu wasomaji, watu walikuwa wamejaa mlangoni wakinitazama. Nikajibu: “Anamtuliza mgonjwa tu.”

Jino likatoka jeupe, safi kama punje ya mahindi. Daktari akalitazama, kisha akanitazama mimi. “Nani alikuonyesha hili?” Nikasema: “Mzee.”

Yule mama aliufunga mdomo wake kwa kaniki, akaondoka na mdogo wake, akakataa kurudi. Mzee Chisumo alifukuzwa siku ileile. Kwa kuwa hajui Kijerumani, aliniomba mimi: “Nimekosa nini? Niulizie, mwanangu.” Sikumuulizia kwa yeyote. Nilimwambia, “Bwana anasema umezeeka.” Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukiosha kijiko chake.

Moyo haukutulia. Baada ya wiki mbili nilikwenda Ihumwa na dawa. Nilimkuta yule mdogo mtu ameketi mbele ya nyumba yao ya tembe, amenyolewa nywele.

“Mbukwa,” nikamsalimu.

“Mbukwa, karani. Umechelewa.” Akanisogezea kigoda. “Taya lilikaza, likakataa kufunguka. Siku tano tulimnywesha uji kwa pengo lake la mbele, tone kwa tone. Wazee wetu walijua kwa nini wanayang'oa.” Kisha akanitazama kinywani, wala hakuwa na ubaya. “Wewe ukiugua hivyo, uji watakupitishia wapi?”

Pengo ambalo sikulihesabu ndilo lililomlisha hadi mwisho.

Sasa Bwana Daktari ameniombea cheo katika hospitali kubwa ya pwani. Baba yangu ameshawatangazia watu wote. Ila kabla ya kupanda gari la moshi nimeamriwa niandike daftarini sababu ya kufukuzwa kwa Mzee Chisumo, na nitie sahihi. Nikiandika uongo, hataajiriwa tena na serikali maisha yake yote. Nikiandika kweli, cheo kimekwenda, huenda na viboko juu yake, na baba atatembea ameinamisha kichwa. Na Mzee akinikuta njiani bado hunisalimu, “Hujambo, karani wetu?”

Nilidhani anayestahili kuandika habari za mgonjwa ni mwenye hati nzuri. Leo nadhani ni yule aliyeligusa jino na kumsikia mwenye jino akilia, na asiyejua kuandika basi asomewe kilichoandikwa kabla koleo halijashikwa. Lakini nimelijua hilo kwa gharama ya roho ya mtu.

Nimeomba nipewe hadi mwisho wa mwezi. Ukurasa bado mweupe, na wino upo. Nishaurini, ndugu zangu: niandike nini?