Ekseli ya Kumpandisha Mama

Verlin Sizemore alikuwa mchovu wa mapafu na magoti. Simwonei huruma kwa hilo, maana huku kwetu kwenye milima ya makaa kila mwanamume aliyezeekea mgodini huamka kachoka. Lakini majira yale ya baridi alikuwa na kilichomchosha zaidi. Mama yake, Bi. Oma, mwenye miaka themanini na ushee na ulimi usiozeeka, alitangaza mezani, katikati ya maharage na mkate wa mahindi, kwamba akifa azikwe chini, makaburi ya mjini kando ya barabara kuu. Kule mlimani kwa mumewe hataki.

Verlin alijua kwa nini, au alidhani anajua. Mwaka uliotangulia walikuwa wakimpandisha marehemu mjomba Estill kwenye makaburi ya ukoo kulekule mlimani. Gari la maiti halipandi njia ile, kwa hiyo jeneza lilihamishiwa kwenye gari la Verlin, na katikati ya mawe ekseli ya nyuma ikakatika. Zamani wanaume wangelitia begani wakaenda zao. Siku hiyo wanaume walikuwepo, tena wengi, ila wote wana vumbi la makaa kifuani, kila mmoja akamwangalia mwenzake. Mjomba wa watu akanyeshewa mpaka jioni, na Bi. Oma akiwa palepale akiona. Aibu ile Verlin aliichukua yote peke yake, kana kwamba ndiye aliyechimba mlima ukaharibika.

Basi akaapa atatia ekseli ambayo mama yake ataiamini. Akaenda kwa binamu yake Dallas, mwenye uwanja wa magari yaliyokufa, na Dallas bila kuulizwa akamvuta mpaka kwenye ekseli ya lori la magogo. Hiyo, alisema, hata ukiitegea baruti haikatiki. Verlin akapiga magoti, akakohoa, akaikagua. Ni kweli ilikuwa na nguvu, lakini difu lake, lile tunguu la gia katikati, lilining'inia chini mno, lingekwama kwenye jiwe la kwanza. Ilikuwa pana pia, na njia ile imeliwa na maji ukingoni. Gurudumu moja lingekanyaga hewa. Uzito wake nao ungeimaliza injini iliyokwisha choka kama mwenyewe.

Akaelekeza kidole kwenye gari la familia lililopondeka mbele. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa nzima, hafushafti zake za kuzungushia magurudumu nene kuliko alizokuwa nazo, breki za diski, na upana karibu sawasawa. Dallas akacheka. Akasema hilo ni gari la kupelekea watoto shule, na watu wa bonde zima watamzomea.

"Kwani wewe unabeba nini huko juu?" akauliza.

"Mama," Verlin akasema.

Dallas akaenda kuleta jeki.

Kabla ya kufungua nati hata moja, Verlin alizungusha gurudumu kwa mkono huku akihesabu propela, ile fimbo iletayo nguvu ya injini nyuma, inazunguka mara ngapi. Meno ya gia za nyuma yasipolingana na ya ekseli ya mbele ya gari lake, magurudumu manne yakivuta pamoja yatapigana yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kipasuke. Yalilingana.

Majira yote ya baridi alilala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, akichomelea vikalio vya springi, akipumzika baada ya kila boliti. Bi. Oma alimfokea dirishani kwamba atatangulia kufa yeye mwana, na hapo nani atamzika nani. Verlin akakohoa, akakaza boliti nyingine. Pumzi ya kujibia hakuwa nayo.

Mei ikafika, na ile Jumapili ambayo koo hupanda kusafisha makaburi na kuweka maua. Akampakia mama yake, akatia gea nzito. Walipofika mahali palipomwaibisha, gurudumu la nyuma likadumbukia kati ya mawe, chuma kikalia, na Verlin akafumba macho kama mtoto. Ekseli ikashika. Gari likapanda.

Juu hapakuwa na mtu. Wapwa waliohamia Ohio kutafuta kazi walituma maua ya plastiki kwa posta, basi. Verlin akafyeka, akasimama kuhema, akafyeka tena, na mama yake akakaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya jiwe la mumewe. Jina lake mwenyewe lilikuwa limekwisha chongwa pale pembeni, na mwaka wa kuzaliwa. Ule mwingine ulikuwa unangojwa.

"Umeona, Mama? Haikukatika. Nitakuleta."

"Nimeona, mwanangu. Kazi yako ni nzuri." Akatazama majani yaliyobaki, mengi. "Utanileta mara moja. Halafu kila mwaka utapanda peke yako na hayo mapafu, ufyeke mpaka uanguke hapa bila mtu kujua. Nizike chini. Uje na kiti, unipe habari, urudi nyumbani ukiwa hai."

"Na Baba?"

"Baba yako nilimtunza mpaka mwisho. Sasa nakutunza wewe."

Verlin alitaka kubisha, Mungu anajua alitaka. Lakini alichokisikia kifuani ni mzigo kumtoka, na kwa kuuona wepesi ule akajichukia, uso ukamwaka. Akaokota fyekeo, akarudi kwenye majani, akawa analia huku anafyeka. Bi. Oma akageuza kiti chake upande wa pili, ili asimtazame.