Mgomba Wenye Watoto Watatu

Siku hizi nina mashine ya fotokopi Same mjini, na karatasi ikitoka bado ya moto, harufu yake hunirudisha Usangi, kidato cha kwanza, siku niliyochekwa na darasa zima kwa sababu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza.

Tulikuwa tumekijua wiki moja kabla, katika somo la baiolojia. “Reproduce”: kuzaa, kuzaliana. Nilikikariri nikichota maji, nikikata majani ya ng'ombe. Hata ng'ombe nadhani alishakijua. Basi likaja jaribio. Swali la tatu lilikuwa na mchoro wa mgomba mmoja, na juu yake neno lile lile likituamuru. Nikafurahi moyoni. Nikauchora mgomba, nikauzalisha watoto watatu shinani, wa mwisho akiwa na majani membamba kama kisu.

Wenzangu walinakili tu. Ndicho kilichotakiwa, kumbe, maana kitenzi hicho hicho ni kutoa nakala pia. Mwalimu, kijana mgeni kutoka tambarare, aliinua karatasi yangu juu, akauliza nani kauzalisha mgomba wa serikali. Nilipata sifuri. Nyumbani nikamwambia mama kwamba shule basi, sirudi.

Mama aliishia darasa la saba. Hakunigombeza. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akaniuliza maana ya neno mara mbili, kisha akachukua jembe akaenda migombani. Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akajitwika mche wa mgomba na udongo wake, akaniambia nitangulie. Njia nzima niliomba ardhi inimeze. Nani anakwenda kumwona mwalimu na mgomba kichwani?

Mwalimu alimwamkia shikamoo, mama akaitikia, akauweka mche mezani, udongo ukamwagikia madaftari.

“Mwalimu, huyu ni mtoto wa mgomba wangu wa mshare,” alisema. “Ukimpanda utapata mshare ule ule, hata ndizi zake hutazitofautisha. Sasa niambie, mama yake amezaa au amenakili?”

Mwalimu aliitazama karatasi yangu, kisha akacheka kama mtu aliyeshikwa pabaya. Alisema sifuri haitabadilika, kwa kuwa swali lilitaka nakala. Lakini aliniita mbele ya darasa, akaniomba niwaeleze wenzangu maana zote mbili, mche nikiwa nimeushika. Safari hii hakuna aliyecheka. Jioni tuliupanda nyuma ya ofisi ya walimu, na habari za kuacha shule zikaishia hapo.

Mwezi uliopita nilipita pale. Sasa ni shamba zima, mshare mtupu. Niliona fahari mpaka nikamwambia kila aliyenisikiliza kwamba migomba ile ni ya mama yangu.

Jambo moja nililielewa baadaye sana. Alipouweka mche mezani, mikono ya mama ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni uzito wa mzigo. Kumbe ulikuwa woga. Hakuwa ameingia ofisi ya shule tangu amalize darasa la saba, na mle ndani waliongea lugha asiyoijua. Akaingia hivyo hivyo. Nami kila ninapoingia mahali nikitetemeka, natazama mikono yangu na kujua nimeitoa wapi.